Kioo Hakina Wakili

Anayesaga kioo cha darubini kwa mikono yake, awe Paris, San Francisco au hapa Usoke, ana desturi moja ambayo hakufundishwa na mtu: nyota ikitokea na umbo la yai, anakilaumu kioo. Haulizi, hapekui, hangoji kupambazuke. Kioo kimekaa kimya ndani ya bomba, kimesagwa kwa wiki nyingi, hakina mdomo wala wakili, na aliyekisaga ndiye mlalamikaji, ndiye shahidi, ndiye hakimu. Hukumu inatoka kabla chai haijapoa: kirudishwe kwenye lami ya kung'arishia, king'arishwe upya. Nadai hapa kwamba hukumu hiyo ni ya kibabe. Yai angani linathibitisha kwamba kuna kitu kimepinda njiani kati ya nyota na ubongo wa mtazamaji, lakini halitaji jina. Njia hiyo ina washukiwa wasiopungua sita: hewa, kioo kikuu, kitako kinachokishika, kioo kidogo bapa kinachokengeusha mwanga, lenzi ya kuchungulia, na jicho. Kati ya hao sita yuko mmoja tu ambaye ukimwadhibu bila kosa hutaweza kumrudishia hali yake. Ndiye huyohuyo anayeadhibiwa wa kwanza.

Tuanze na kosa lenyewe, maana kesi nyingi huharibika kwa sababu hati ya mashtaka imeandikwa ovyo. Chukua kioo cha kawaida cha mwanafunzi wa ufundi huu: upana sentimita 15, mwanga wake ukikusanyika kwenye fokasi, umbali wa sentimita 120. Ubonyeo wake wote, kutoka usawa wa ukingo hadi katikati, ni milimita 1.2 hivi. Kibonde hicho kinatakiwa kiwe sahihi kiasi kwamba makosa ya uso wake yasizidi nanomita 70 hivi, yaani kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Astigmatizimu ni pale kioo kinapobonyea zaidi kidogo kwa upande mmoja kuliko kwa upande unaoukatiza. Hapo mwanga wa nyota haukutani kwenye nukta moja. Unakutana kwenye vistari viwili, kimoja mbele ya kingine, vilivyokaa kwa pembemraba. Mtu akichungulia huku lenzi ikiwa ndani kidogo ya fokasi, ataona yai limelala. Akiivuta nje, yai lilelile limesimama. Na katikati, pale alipotarajia nukta, kuna kimsalaba. Kugeuka huko ndiko saini ya mhalifu. Yai linalobaki vilevile pande zote mbili za fokasi limetokana na jambo jingine, na anayelipeleka kwenye lami kwa jina la astigmatizimu amemfungulia kesi ya wizi wa kuku mtu aliyegombana na mkewe.

Wengi, hata hivyo, hawaingoji nyota. Wanapima ndani, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Léon Foucault mwaka 1858, na uzuri wake ni kwamba haidai vifaa vya maabara. Unahitaji taa ndogo iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha yenye mpasuo mwembamba, wembe wa kunyolea uliokazwa kwenye kipande cha mbao, na subira. Kioo kinasimamishwa mwisho wa chumba. Taa na wembe vinakaa umbali wa mara mbili ya fokasi, yaani mita 2.4 kwa kioo chetu. Mwanga unatoka kwenye mpasuo, unapiga kioo, unarudi hadi kwenye makali ya wembe, na jicho lililo nyuma ya wembe linauona uso wa kioo ukiingiwa na kivuli. Uso ulio duara kamili unafifia wote kwa pamoja. Wenye vilima na mabonde unayaanika yote. Ukali wa kipimo hiki unatisha. Bandika kidole gumba kwenye kioo kwa nusu dakika, kisha chungulia: utaona kilima kimeota pale kidole kilipokuwa, kwa joto la damu yako tu, nacho kitakaa kwa muda kabla ya kutoweka.

Kipimo kinachoona joto la kidole, watu husema, kitashindwaje kuona kioo kilichokunjika? Kinashindwa, tena kwa urahisi. Wembe unakata mwanga kwa upande mmoja tu. Mhimili wa mkunjo ukiwa sambamba na makali ya wembe, au ukiyakatiza kwa pembemraba, wembe unauona mpindo wa upande mmoja peke yake, na mpindo wa upande mmoja ukitazamwa peke yake hauna kasoro. Kioo kinafifia kwa pamoja, fundi anaita familia nzima ije ione, na kioo kinapewa cheti cha tabia njema. Kizungushe kioo hichohicho nyuzi 45 na kivuli kitaingia mshazari. Kizungushe hadi nyuzi 90 na kila kitu kitakuwa safi tena, ila wembe utadai usogezwe mbele au nyuma kidogo, na hicho kisogeo ndicho kipimo cha mkunjo. Kwa hiyo sina budi kusema bila kuuma maneno: asiyezungusha kioo mbele ya wembe hajakipima kwa astigmatizimu, hata kama amekesha.

Kipimo hicho kinachoshindwa kuona kilichopo kina tabia pia ya kuona kisichokuwepo. Taa ikiwekwa sentimita kumi pembeni ya wembe, kwa sababu meza ni ndogo na nusu yake ina vyombo vya chakula cha jioni, mwanga unakwenda na kurudi kwa mshazari, na mshazari huo wenyewe unazaa astigmatizimu ambayo kioo hakihusiki nayo hata chembe. Dawa ni kuvisogeza vikaribiane kadiri inavyowezekana. Halafu kuna kishikio. Kioo kinatakiwa kikae juu ya vigingi viwili vilivyoachana ili uzito ugawanyike, kiegemee nyuma kidogo, kisibanwe popote. Seremala mzuri wa Tabora akipewa mninga na kuambiwa atengeneze kishikio, atatengeneza kitu cha kurithiwa na wajukuu. Atakaza vibano hadi kioo kisitikisike, kwa sababu kwake yeye kitu kinachotikisika ni aibu ya ukoo. Kwa bahati mbaya aibu hiyo ndiyo afya ya kioo. Kibano cha darubini kinagusa bila kubana, kiasi kwamba karatasi inapita kati yake na kioo bila kuchanika. Skrubu moja iliyokazwa kwa moyo wote na fundi mwaminifu inatosha kuzaa yai ambalo mwezi mzima wa kung'arisha hautalifuta, kwa kuwa halimo ndani ya kioo.

Ongeza joto la nyumba. Ukuta uliopigwa na jua la alasiri, jiko la mkaa lililowekwa mlangoni, mtoto anayefungua mlango kila baada ya dakika tano kuuliza kama kazi imekwisha: kila kimoja kinatuma hewa ya moto mbele ya kioo, na hewa ya moto inapindisha mwanga kwa bidii ileile ya kioo kibovu. Usoke ni kituo cha reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Treni ya mizigo ikipita, kivuli kwenye kioo kinarukaruka, wembe unatetemeka, na fundi anaacha kazi. Lakini hapo hakuna anayekilaumu kioo, kwa sababu treni inajitaja yenyewe kwa honi. Taabu iko kwa washukiwa wasiopiga honi.

Mwenye busara atasema: basi tuachane na wembe, twende nje tukapime kwa nyota halisi. Sawa, ila vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa na watu wa kaskazini, na ushauri wao wa kawaida ni kulenga Kutubu, nyota ya kaskazini, kwa kuwa haiendi popote: unakaza, unalegeza, unakwenda kunywa maji, ukirudi unaikuta. Usoke iko nyuzi tano hivi kusini ya Ikweta. Mtu wa Usoke akiitii amri ya kitabu, atakuwa ameelekeza darubini ardhini, kwani hapa Kutubu iko chini ya upeo wa macho usiku kucha, mwaka mzima. Nyota alizonazo yeye zinapanda wima na hazina muda wa kupoteza. Kwa darubini isiyo na mota, ukuzaji ukiwa mkubwa, nyota inavuka uwanja wa kuonea kwa dakika moja hivi, na hiyo ndiyo dakika ambayo skrubu huchagua kudondokea kwenye majani.

Anga la hapa, hata hivyo, linalipa fidia. Mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimeaga, kati ya saa tatu na saa nne usiku, Spika, nyota angavu ya kundi la Mashuke, inapita nyuzi sita tu kutoka utosini. Darubini ikielekezwa huko, kioo kimelala chali kwenye kitako chake na ukingo haubebi uzito. Sasa shusha bomba ulenge nyota iliyo nusu ya njia kati ya utosi na upeo. Yai likiwepo kwa nyota ya chini na likakosekana kwa Spika, kioo kimeachiwa huru papo hapo. Aliyepinda ni kitako. Na asiyependa kukesha anayo gololi ya baiskeli. Ibandike kwenye mti ulio mbali, asubuhi mapema kabla ardhi haijachemka, jua likiwa mgongoni mwa darubini, na gololi itatoa nukta moja kali ya mwanga isiyotoka mahali pake hata ukaenda kunywa uji. Gololi ndiyo Kutubu ya Usoke, na bei yake haimshindi mtu.

Mshukiwa anayependelewa kuliko wote ni jicho, kwa sababu ileile inayomfanya nyani asione kundule. Astigmatizimu ya jicho ni jambo la kila siku kwa mpimaji macho, na lenzi zake zinajulikana. Lakini mtu anayevua miwani ili achungulie vizuri hatambui kwamba amevua dawa. Kwa ukuzaji mdogo mwanga unaingia jichoni ukiwa mpana, unatumia sehemu kubwa ya mboni, na mkunjo wa jicho unajitokeza. Kwa ukuzaji mkubwa mwanga huo unakuwa mwembamba, chini ya milimita moja, na jicho linafaulu mtihani kwa kutumia kipande chake kidogo tu. Hapo tuna kipimo kisichogharimu hata senti: ongeza ukuzaji. Yai likipungua, jicho ndilo lenye kesi. Likizidi, tafuta kwingine. Au laza kichwa begani. Yai likilala pamoja nawe, umemkamata mhusika, na jirani akipita akakukuta umepinda shingo mbele ya bomba usiku wa manane, mwache afikiri anachofikiri.

Mwingereza George Biddell Airy, ambaye baadaye aliongoza kituo cha nyota cha Greenwich kuanzia 1835 hadi 1881, aligundua akiwa kijana kwamba jicho lake la kushoto halimsaidii kusoma. Akafanya jambo ambalo mafundi wetu hawalifanyi: alilipima jicho lake kama mtu apimavyo lenzi. Alitoboa kitundu kwenye kadi, akakisogeza karibu na mbali mbele ya mwanga, akaona nukta ikigeuka kistari, kisha kistari kingine chenye kukikatiza kile cha kwanza. Mwaka 1825 aliwasomea maelezo hayo wenzake wa chama cha wanasayansi cha Cambridge, naye fundi mmoja wa mji wa Ipswich akamchongea lenzi yenye upande mmoja wa silinda. Mtu huyo alikuwa mwanahisabati hodari, mwenye kila sababu ya kujiamini, lakini mshukiwa wake wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe.

Nchi hii ya Unyamwezi nayo ina ushahidi wake juu ya macho. Desemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Kaze, iliyo Tabora ya leo, wakaifuata njia ya misafara kuelekea Ujiji, wakilitafuta ziwa walilolisikia kwa wafanyabiashara. Tarehe 13 Februari 1858, mwaka uleule ambao Foucault alitangaza kipimo chake, walifika juu ya kilima kinacholitazama ziwa Tanganyika. Speke alikuwa anaugua macho vibaya. Alichokiona ni ukungu na mng'aro, wakati wapagazi wote walikuwa wanaona maji. Burton naye aliona mstari wa mwanga tu kule chini, akauliza ni nini, na Sidi Mubarak Bombay, kiongozi na mkalimani wao, akamjibu kwamba kwa maoni yake hayo ni maji. Burton akaingiwa na simanzi: miezi yote ile, homa zote zile, kwa kijiziwa! Kisha akasogea hatua chache, na ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi likamfungukia lote. Baadaye walipima mwinuko wake kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, wakapata futi 1,850 hivi, ilhali ni zaidi ya futi 2,500. Kwa hiyo macho yalikosea, mahali pa kusimama palikosea, na chombo kikakosea. Ziwa peke yake ndilo lililokuwa sawasawa, na ndilo lililonung'unikiwa.

Kutokana na ushahidi huo hoja yangu inakuwa ya gharama. Washukiwa wapangwe kwa urahisi wa kuwachunguza bila kuharibu, wala tusiwapange kwa kiwango cha hasira zetu. Jicho linachunguzwa kwa kulaza kichwa. Lenzi inazungushwa kwenye tundu lake. Yai likizunguka nayo, kesi imekwisha. Hewa inangojwa saa moja au mbili, hadi kioo kipoe kilingane na usiku. Vibano vinalegezwa kwa bisibisi, na vikionekana havina hatia vinakazwa tena, kidogo. Baada ya hapo ndipo kioo kikuu kinazungushwa nyuzi 90 ndani ya kitako chake. Yai likizunguka pamoja nacho, kosa limo ndani ya kioo. Likibaki palepale, kosa liko nje yake, na hapo ukiite kile kioo kidogo bapa, ambacho wengine hukikata kwenye kioo cha dirisha: kisipokuwa bapa kwelikweli, mwanga unaokigonga kwa nyuzi 45 unatoka na astigmatizimu kamili. Kila hatua kati ya hizo inarudishika. Kung'arisha hakurudishiki. Aliyekipeleka kwenye lami kioo kisicho na mkunjo ili aondoe mkunjo, ataung'arisha upande mmoja kwa bidii mpaka mkunjo upatikane, kisha atasema aliujua tangu mwanzo.

Urambo, wilaya ambayo Usoke imo, inajua vizuri madhara ya kuanza na lisilorudishika. Ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Wachunguzi wa mwaka 1946 walikaa Tanganyika wiki chache tu na sehemu kubwa ya ardhi waliiona wakiwa ndani ya ndege. Mwaka 1947 pori likaanza kung'olewa, na vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Udongo wa Kongwa ulipokauka ulizishika karanga zisitoke. Jambo hilo lingejulikana kwa koleo na misimu michache ya subira, navyo vyote viwili vilikuwa rahisi kuliko kifaru.

Atatokea wa kunipinga: mbona wakubwa walijifunza kwa kuharibu? William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus mwezi Machi 1781 kwa kioo alichokitengeneza nyumbani kwake Bath, mwaka huohuo alijaribu kumimina kioo cha madini chenye upana wa futi tatu ndani ya kalibu iliyofinyangwa kwa samadi ya farasi, ambayo dada yake Caroline alishiriki kuitwanga na kuichekecha. Cha kwanza kilipasuka kikipoa. Cha pili kiliponzwa na tanuri: madini yaliyoyeyuka yakamwagika sakafuni, mawe ya sakafu yakalipuka hadi darini, na wote waliokuwemo wakatimka mbio. Nakubali, huko ni kujifunza. Lakini Herschel hakuhitaji kipimo ili ajue kuna kosa. Kosa lilikuwa linamkimbiza. Anayeng'arisha kioo kisicho na hatia haoni moto, haoni moshi, anaona uso unaong'aa uleule wa jana. Ajali isiyo na kelele haimfundishi mtu chochote, isipokuwa kurudia.

Mwingine atasema kwamba siku hizi kuna vyombo vya kisasa na kompyuta zinazochora uso wa kioo mzima, kwa hiyo habari za gololi na kulaza shingo zimepitwa na wakati. Jibu langu ni darubini ya Hubble, iliyorushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichong'arishwa kwa ustadi wa hali ya juu, lakini kwa umbo lisilo sahihi. Kosa lake halikuwa astigmatizimu: ukingo ulikuwa umelala kupita kiasi kwa mikromita 2 hivi. Chanzo kilikuwa chombo cha kupimia, ambamo lenzi moja ilikaa milimita 1.3 mbali na mahali pake, kwa sababu rangi ilibanduka kwenye kifuniko kidogo na mwanga wa kupimia ukarudi kutoka pasipotakiwa. Vipimo vingine viwili, vya hali ya chini, vilionyesha kuna hitilafu. Vikapuuzwa kwa kuwa vilihesabika kuwa duni kuliko kile cha gharama. Ilibidi wanaanga wapande Desemba 1993 kwenda kurekebisha. Chombo cha kisasa ni shahidi mzuri, lakini naye anatakiwa kuhojiwa, na swali la kumuuliza ni lilelile: nikigeuza kitu hiki, nawe unageuka?

Wa tatu atauliza kwa nini mtu ajisumbue hivyo ilhali mwezi unaonekana vizuri hata kwa kioo chenye mkunjo kidogo, na darubini zinauzwa. Kwa mwezi, kwa ukuzaji mdogo, ana haki. Watoto wataona mashimo yake na kushangilia, na hakuna atakayeuliza kuhusu nanomita. Lakini akilenga pete za Zohali kwa ukuzaji wa mara 150, atakutana na yai lake. Kununua nako hakumwondolei kesi, maana kioo cha dukani nacho kinashikwa na vibano, na vibano vinakazwa na binadamu anayeogopa kwamba mzigo utasafiri mbali.

Mara nyingine, bila shaka, kioo ndicho chenye hatia. Aliyesahau kukizungusha alipokuwa akisaga, aliyekibana kati ya vizuizi vitatu vya mbao, aliyeking'arisha juu ya meza isiyo sawa, au aliyechukua kioo chembamba mno kwa upana wake, anaweza kupata mkunjo wa kweli. Unene wa sehemu moja ya sita ya upana, yaani milimita 25 kwa kioo cha sentimita 15, ndio kanuni ya zamani, na ni kanuni nzuri. Vivyo hivyo lami: mafundi huichanganya na nta ili isiwe ngumu mno wala laini mno, na Tabora haijawahi kulia njaa ya nta, lakini mchanganyiko uliofaa asubuhi ya Julai utakuwa laini mno mchana wa Oktoba. Hatia hiyo ikithibitika, mkunjo mkubwa usifukuzwe kwa kung'arisha. Kioo kirudi kwenye unga laini wa kusagia, kizungushwe kila baada ya mapigo machache, kisha kianze upya. Ni adhabu kali, na ni ya haki, kwa kuwa sasa kuna ushahidi.

Ushahidi huo wote, hata hivyo, unategemea jambo moja ambalo kila fundi hulijua na wengi hulisahau: kioo cha mviringo hakina juu wala chini. Ukikizungusha nyuzi 90 bila alama, baada ya kunywa chai hutajua kama ulikizungusha, ulikirudisha, au ulikifuta vumbi tu. Chora mshale mgongoni mwa kioo kwa kalamu ya wino mzito kabla hujakisimamisha mbele ya wembe, na mwingine ukingoni mwa kitako. Kazi yote ya kuwatenga washukiwa sita imesimama juu ya mishale hiyo miwili, na aliyeikosa, hata awe na chombo gani, anapiga ramli.